Umenyimwa Inua Jamii na mtoto wako ni kiziwi: pesa za matibabu utazitoa wapi ukiwa Malindi

Hii nawaandikia wazazi wa Malindi na vijiji vya karibu, Muyeye, Maweni, Barani mpaka Mambrui na Gongoni, ambao wana mtoto kiziwi au hasikii vizuri na wameambiwa jina halikutoka kwenye Inua Jamii, zile pesa za serikali kwa wasiojiweza. Mimi namlea mpwa wangu asiyesikia, kwa hivo haya yote nimeyapitia au nimewasindikiza wenzangu kuyapitia, na kitu kimoja nimekiona kila mara ni kwamba mzazi akishanyimwa zile pesa anakaa. Anangoja usajili mwengine ufunguliwe, mwaka unaisha, na mtoto yuko vilevile, hajapimwa hata sikio moja.

Basi kwanza elewa umenyimwa nini haswa. Inua Jamii ya walemavu ni shilingi 2,000 kwa mwezi na imewekwa kwa wenye ulemavu mkali, yaani mtu ambae lazima awepo wa kumlisha, kumuogesha, kumwangalia usiku na mchana. Sasa mtoto kiziwi atembea, ala mwenyewe, acheza mpira ufuoni na wenzake, wakija na yale maswali yao kwenye simu atatolewa tu. Si lazima uwe umefanyiwa fitina (japo kwa machifu wengine hilo nalo lipo, tusidanganyane). Piga hesabu lakini, 2,000 mara miezi 12 ni 24,000, hio haitoshi hata mashine moja ya sikio. Kwa hivo kunyimwa kwauma, ila usidhani umenyimwa kila kitu, kwa sababu kadi ya ulemavu, SHA (bima ya afya ya serikali), vipimo vya shule na msaada wa vifaa vyote viko kwenye ofisi zengine na havina uhusiano na orodha ya chifu.

Kama mtoto ana jambo jengine juu ya uziwi, hatembei, haoni, ana kifafa, hapo usikubali haraka. Rudi uombe sababu kwa maandishi. Kuna Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, inakupa haki ya kupewa sababu iliyoandikwa ofisi ya serikali ikikukatalia kitu, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ukiomba taarifa wajibu ndani ya siku 21. Andika barua fupi, jina la mtoto, nambari ya kitambulisho chako, tarehe uliyosajiliwa, "naomba sababu kwa maandishi", toa kopi, na ile kopi igongwe muhuri ubaki nayo. Wakikaa kimya peleka kwa Ombudsman, Tume ya Haki ya Utawala, malalamiko hayalipiwi na wana ofisi Mombasa. Nimeona watu wakiitwa wiki ileile barua ilipogongwa muhuri, mdomo mtupu ofisini haumsumbui mtu lakini karatasi inabaki kwenye faili na kila mkubwa anaekuja ataiona.

Haya, twende kwenye pesa zenyewe.

Kadi kwanza

Bila kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, utakuwa unajieleza upya kila mlango. Kadi hupewa baada ya asesmenti ya madaktari kwenye hospitali ya serikali, halafu usajili wenyewe siku hizi unafanywa kwa eCitizen. Ukiwa huna simu ya maana mwambie kijana wa sayba akufanyie, lakini nywila ibaki kwako na nambari ya simu iwe yako, sio yake, kwa maana wapo waliokwama kwa sababu ujumbe wenyewe waenda kwa simu ya mtu aliehamia Mtwapa.

Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako, picha za pasipoti na karatasi yoyote ya hospitali iliyotaja masikio. Cheti cha kuzaliwa ndo huangusha wengi. Kama mtoto alizaliwa nyumbani au hukuandikisha, anza na hilo kesho asubuhi, maana SHA pia watakitaka, shule pia watakitaka, huwezi kuliruka.

Na uulize kabla ya kutoka nyumbani ni siku gani madaktari wa asesmenti wanakaa. Hospitalini hawakai kila siku, na daktari wa masikio anaweza asiwepo. Nenda mwenyewe au mtume jirani anaefanya kazi karibu na hospitali ya Malindi aulizie, kuliko kupanda boda na mtoto kutoka Marafa halafu mrudishwe.

Kadi ikishatoka ndo waweza kuomba kwa Baraza msaada wa vifaa, na vilevile msaada wa karo. Foleni ni ndefu, siwadanganyi, lakini maombi yenye karatasi kamili yanatangulia yale ya "nisaidie mwanangu". Weka kopi ya kadi, matokeo ya kipimo cha masikio yaliyoandikwa na mtaalamu, na kotesheni (karatasi ya bei) ya mashine kutoka kwa wauzaji. Sheria nayo imebadilika, ile ya walemavu ya 2003 imeondolewa na sasa ni ya 2025, kwa hivo mtu akikutajia kifungu cha zamani muulize cha mwaka gani.

SHA, na vile inavyosaidia na isivyosaidia

Bima ya zamani, NHIF, iliisha, tangu 1 Oktoba 2024 ni SHA. Kusajili hakuna malipo, wapiga *147# au unaenda kwa CHP, mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Ukishasajiliwa tu, hata kama hujalipa kitu, matibabu ya kawaida ya zahanati na kituo cha afya ni bure, na hapo ndo mambo mengi ya masikio yanafaa kuanzia. Lakini ukitaka kulazwa au kufanyiwa upasuaji kwenye hospitali kubwa lazima uwe umelipa. Kwa sisi tusio na pesilipu malipo yanatoka kwa yale maswali ya nyumba, paa ni la nini, maji watoa wapi, mna watu wangapi, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Tatizo ni kwamba wanataka ya mwaka mzima kwa mpigo, 3,600. Ipo Lipa SHA Pole Pole ya kugawanya, na hapa ndo chama kinafaa, wanawake kumi mkizungusha, mwezi huu mnamlipia huyu, mwezi ujao yule. Yale maswali yajibu kweli lakini yasome vizuri, mimi namjua mama alieandika nyumba ni ya mawe kwa sababu amepanga chumba kwenye nyumba ya mawe, akapigiwa kiwango cha tajiri. Ukipigiwa hivo nenda kwenye dawati la SHA uombe wakague tena.

Mtoto mwandikishe chini yako kama tegemezi, kisha angalia mwenyewe kwa simu kama jina lake limeingia. Usingoje mpaka siku ya tiketi ya daktari.

Kuhusu mashine ya sikio, usinunue halafu uende kudai. Nenda dawati la SHA na kotesheni mkononi, waulize kama imo na kwa kiasi gani, wakuonyeshe kwenye orodha yao. Na upasuaji wa sikio unahitaji idhini kabla, ile hospitali ndo inaomba, wewe kazi yako ni kuulizia kila siku imefika wapi.

Kuna kitu watu hawakijui pia: hospitali za serikali zina soshowaka, na yeye ndie anaepeleka maombi ya kusamehewa bili. Muone KABLA bili haijaandikwa, ukienda baada ya kulazwa na bili iko juu utapewa mengi ya kusikiliza. Mpelekee barua ya chifu (haya, yule yule aliekunyima, muombe barua ya hali yako, hawezi kukataa kuandika kwamba hujiwezi).

Usilipie kipimo usichohitaji

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea.

Kwanza zahanati. Mtoto anaweza kuwa hasikii kwa sababu ya nta iliyoziba, au sikio linatoa usaha tangu mwaka juzi na watu wamezoea harufu. Usaha wa muda mrefu unatoboa ngoma ya sikio na unakula usikivu polepole, na matibabu yake mwanzo ni ya bei ndogo: kukausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, matone aliyoandika daktari, na kutoingiza maji. Watoto wetu wanashinda baharini, sikio linalovuja liwekewe pamba yenye mafuta ya vaselini wakati wa kuoga, na baharini wapumzike kwanza. Msitie mafuta ya nazi moto, maziwa ya mama wala maji ya kitunguu, jamani, nyanya zetu tunawaheshimu lakini kwa hili hapana. Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika, na usaha ni moja ya hizo.

Pili, kile kipimo cha nyumbani cha kupiga sufuria nyuma ya mtoto hakina maana. Mpwa wangu alikuwa akigeuka kila mlango ukipigwa, bibi yake akasema "yuwasikia huyu, ni mkaidi tu". Siku moja akakalishwa kwenye mkeka badala ya kitanda, ukapigwa mlango uleule, hakugeuka. Alikuwa anahisi ule mtikisiko wa kitanda, sauti hakuwa nayo. Kwa hivo mtu asikupotezee muda na makofi.

Tatu, kuna EARC, vituo vya wizara ya elimu vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vilianza 1984 na waviulizia kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Hapo wanampima mtoto na kukuandikia barua ya shule, na hata kama huendi shule ya viziwi barua ile yafaa kwa maombi ya basari na kwa Baraza. Anzia hapo kabla ya kwenda kliniki ya kulipia.

Halafu ndo kipimo chenyewe. Mtoto wa kuanzia miaka minne au mitano aweza kupimwa kwa kuvaa hedifoni na kuinua mkono akisikia mlio, wanatoa ile grafu, odiogramu, sikio la kulia nyekundu na la kushoto buluu. Mdogo zaidi anapimwa akiwa amelala, kipimo kimoja kinaingiza kiziba kidogo masikioni na mashine inasikiliza majibu ya sikio lenyewe (OAE), chengine kinabandika waya kichwani na kuangalia ubongo unavyojibu (ABR). OAE ni ya haraka na nafuu, ABR ni ghali na kwa kawaida ni Mombasa au Nairobi. Uliza waziwazi, "kipimo hiki kitabadilisha nini kwenye matibabu?" Kama jibu ni hakuna, hifadhi pesa. Ukienda Makadara, yaani Coast General, pata barua ya rufaa kutoka hospitali ya Malindi kwanza, na ulizia siku ya kliniki ya masikio, ni kilomita kama 120 na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi si mchezo.

Odiogramu ni mali. Ipige picha, itoe kopi, original usimwachie mtu. Ikipotea, kupata nyengine ni kulipishwa tena.

Mashine ya sikio, na pesa zinazokuja baada yake

Mashine ya bei nafuu kabisa kwa wauzaji wa kweli bado ni makumi ya maelfu, na hio ni sikio moja. Ndo maana utaona watu wananunua vile vya mtandaoni vya 1,500 au 2,000. Vile vinakuza kila sauti sawasawa, feni, pikipiki, mtu akipiga kelele, havijawekwa kulingana na odiogramu ya mtoto, na vyaweza kumuumiza zaidi. Usinunue, bora hizo 2,000 uanzie nazo akiba.

Malindi pia tuna jambo letu, Waitaliano. Mtu anafanya kazi kwenye nyumba ya Mtaliano, anapewa mashine ya mamake marehemu, "mpelekee mtoto". Pokea kwa heshima, ila usimvalishe. Kama ni ile ya kukaa nyuma ya sikio, mpelekee mtaalamu aangalie kama anayo programu ya kuiweka upya, na kama nguvu yake inatosha kwa kiwango cha usikivu alichopoteza mtoto, hapo labda utalipia tu kuiseti na moldi mpya. Kama ni ile ndogo ya kuingia yote ndani ya sikio, ilichongwa kwa sikio la yule bibi, haitafaa.

Moldi ndio ile plastiki laini inayokaa ndani ya sikio, na ndo gharama ambayo hakuna mtu anaekutajia. Mtoto anakua, sikio linapanuka, moldi inalegea na mashine inaanza kupiga mluzi. Sasa mzazi kwa kukereka na ule mluzi anashusha sauti mpaka unyamaze, na mtoto anabaki amevaa kitu kisichomsaidia chochote. Mluzi maana yake moldi mpya. Kwa mtoto mchanga ni kila miezi michache, kwa mkubwa kama mara moja kwa mwaka hivi. Kwa hivo mtu akijitolea mashine, mshukuru halafu muulize papo hapo, na moldi nani atalipa? Na betri? Betri za zinki zinakaa wiki moja mpaka mbili tu. Zinajulikana kwa rangi ya karatasi, 13 ni ya chungwa, 675 ni ya buluu, 312 ya kahawia. Ile karatasi usiitoe mpaka siku ya kuitumia, ukishaitoa ngoja kama dakika moja ndo uifunge ndani. Nunua pakiti kadhaa ukienda Mombasa na usiweke kwenye friji.

Na chumvi. Hewa ya hapa inaua mashine. Usiku fungua mlango wa betri, weka mashine kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu (mchele una vumbi, hapana). Moldi ichomoe uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa ndo uirudishe, mashine yenyewe isiguse maji. Mtoto akienda pwani, mashine ibaki nyumbani, hakuna mjadala. Mashine iliyotunzwa hivi yaweza kukaa miaka mitano, isiyotunzwa kwenye hii hewa hata miwili haifiki, na hio ndo tofauti kubwa ya pesa kuliko msaada wowote utakaoomba.

Koklea ya kupandikizwa, kile kifaa cha kusikia kinachowekwa kwa upasuaji, nitaisema kwa ufupi. Inaingia mamilioni, kisha kuna mazoezi ya kusikia ya miaka na vipuri vya nje vya kununua, na kwa aliezaliwa kiziwi inafaa zaidi akiwa mdogo sana. Usianze kuchangisha kwa mtoto wa miaka tisa kabla daktari hajakwambia kwa maandishi kwamba itamfaa.

Kuchangisha

Kotesheni ndo mfalme. Msikitini, kanisani, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, kwa MCA, mtu akiona karatasi yenye jina la mtoto, bei, na nambari ya kulipia moja kwa moja kwa kliniki, anatoa. Kwa Waislamu, nenda kwa kamati ya msikiti mapema kabla ya Ramadhani, kwa sababu orodha ya zaka wengine huipanga mapema, ukienda mwezi umeandama watakwambia tumeshagawa. Omba kitu kidogo kilicho wazi, "moldi mbili na betri za mwaka" inapata mtu haraka kuliko "matibabu".

Picha ya mtoto na cheti chake visizunguke kwenye Facebook. Uso wake ni wake.

Kikundi pia. Wazazi kumi mkijisajili kama kikundi cha kijamii kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, kumi ndo idadi ya chini kwa sheria ya vikundi ya 2022, mwaweza kuomba NGAAF, ule mfuko wa serikali unaopitia ofisi ya mwakilishi wa wanawake, ambako mtu mmoja mmoja hujibiwa kwa shida. Basari ya CDF, mfuko wa eneo bunge, nayo inachukua shule maalum, kwa mfano ukimpeleka Kibarani kule Kilifi, shule ya viziwi.

Kitu cha bei ndogo ambacho wengi wanakiacha cha mwisho

Nitasema wazi japo kuna watakaonuna. Mzazi aliekusanya miaka mitatu kununua mashine na katika hio miaka mtoto hana lugha yoyote, amelipa bei kubwa zaidi ya ile ya dukani. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa kwenye Katiba ya 2010, na kujifunza kwake ni karibu bure ukimpata kiziwi mtu mzima mtaani, wapo, fundi seremala, muuza mitumba, waulizie kwenye shule au KNAD, chama cha kitaifa cha viziwi. Keti nae jioni mara moja kwa wiki pamoja na mtoto, mpe nauli na chai. Haizuii mashine wala haimfanyi mtoto "asahau kusema", na siku mtoto anaumwa tumbo ataweza kukuonyesha ni wapi na tangu lini, daktari asifanye vipimo vya kubahatisha.

Wa Lamu: anzieni King Fahd kupata barua ya rufaa, na pigeni simu siku moja kabla kuhakikisha daktari wa masikio yupo huko mnakokwenda. Boti ya mapema mpaka Mokowe ndo mwahi basi, na mashine iwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka mshuke upande wa pili.